Kanda ya Saba

Kirumba, Mwanza
22 Januari 1995

Mdogo wangu Jairo,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Nkwabi na za mama. Natumaini baridi ya Nairobi haijawamaliza wewe na kaka Yeremia. Sisi huku tupo. Magugu maji yamefunga mwalo wote, mitumbwi inakatiwa njia kwa panga. Nkwabi bado yuko kiwanda cha samaki. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunaletewa mapanki, vichwa na mifupa, tunakaanga tunashukuru Mungu. Ndiyo soko huria lenyewe hilo, mdogo wangu. Kila kitu ruksa isipokuwa kushiba.

Nianze na mama, maana ndiye habari kubwa. Nilimtoa nyumbani Sota mwezi wa kumi na moja kwa sababu tumbo lilikuwa linavimba. Nilidhani ni minyoo au uchawi wa ule ugomvi wa zamani wa wake wenza, kumbe ni uvimbe mbaya. Daktari ameniita pembeni akasema hawezi kupasua, tumtunze tu. Nimelia nyuma ya banda mpaka nikachoka. Mama hajaambiwa lakini si mjinga. Jana ameniambia, "Adoyo, mimi sitaki kuzikwa kabla sijamwona Yeremia." Sasa sikiliza. Mwambie kaka Pasaka aje. Najua ataona haya kwa kuwa miaka miwili yuko huko na hana hata baiskeli ya kuonyesha. Mama hataki baiskeli, anataka sura yake. Yeye ndiye kifungua mimba wake.

La pili ni banda letu la video. Katuni zenu za Wajapani zimenipa heshima ambayo sikuitegemea. Watoto wananiita Mama Video, na si watoto tu. Mwanamke anayeuza dagaa pale mwaloni alinishika mkono juzi: "Mama Video, yule Genta amepatikana?" Nikamwambia sijui, kanda ya saba haijaja. Akasonya kana kwamba mimi ndiye niliyemficha. Hiyo hadithi ya Sachi anayefuata reli kumtafuta kaka yake aliyepelekwa mgodini imewaingia watu kwenye damu. Mimi nasimama pembeni ya tivii na daftari lako la tafsiri, nasoma Kiswahili chako kwa sauti, Sachi akilia na mimi nalia.

Lakini Malimi wa Mabatini ameleta kanda za karate, na wiki mbili hizi ananichukulia watu. Kwa hiyo usingoje kukusanya kanda tatu ndipo utume. Ikiwa tayari moja, itie kwenye basi siku hiyo hiyo. Nakuomba sana, acha uzito.

Dada yako anayekusubiri,
Adoyo


Nairobi
Jumapili, 12 Februari 1995

Dada Adoyo,

Shikamoo. Shikamoo nyingi kwa mama pia, na salamu kwa shemeji. Barua yako imenifikia juzi. Nimesoma ya mama nikakaa chini. Tunaomba.

Naandikia hapa hapa ofisi ya basi. Kanda ya saba hii hapa pamoja na daftari lake, nimeshamkabidhi kondakta. Basi limechelewa, wanafunga gurudumu, basi nimeagiza chai nikasema leo nimwandikie dada barua ndefu, si zile za mistari mitatu unazonilalamikia.

Uliuliza siku moja hizi kanda zinatoka wapi. Huko Ghuba, Uarabuni, televisheni yao inaonyesha katuni za Kijapani zilizotiwa Kiingereza. Mtu anarekodi sebuleni kwake, anampa mhudumu wa ndege, zinafika kwa tajiri wetu. Hiyo tunaiita kanda mama. Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, kina deki ishirini na nne zimeunganishwa kwa nyaya, kanda mama moja inazaa ishirini na tatu kwa mpigo. Joto lake usiseme. Mwaka jana kanda mama mbili ziliibiwa, tangu siku hiyo tajiri katoa amri: mashine zikiwa kazini, mmoja anakaa ndani na mlango unafungwa kwa nje, na mwingine anabaki na ufunguo kwa ajili ya safari za mjini. Tunapokezana na kaka. Leo ilikuwa zamu yangu ya ndani, ila kaka amesema, "Nenda wewe, wewe ndiye unayejua kubembeleza makondakta." Kaniambia pia nisichelewe maana hajala.

Pasaka anakuja. Kaandika mwenyewe kwa penseli nyuma ya daftari, utaona. Mwonyeshe mama.

Basi linawashwa sasa. Ngoja nihakikishe limeondoka na mzigo wako, ndipo nirudi.

Mdogo wako,
Jairo


Kirumba, Mwanza
23 Aprili 1995

Jairo,

Salamu. Hii ni barua ya tatu naandika bila jibu. Kama umeoa Mkikuyu kakukataza kuandika, sema, tutachanga mahari.

Kanda ya saba ilifika salama tangu Februari. Banda lilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Malimi mwenyewe alikuja kulipa kiingilio, nikamkalisha mbele kwenye mkeka na watoto. Hilo nakushukuru.

Sasa la Pasaka. Mama alisomewa ile penseli ya Yeremia: "Mama, ni mimi. Pasaka nipo." Maneno matano tu, lakini nilitakiwa kuyasoma kila asubuhi. Alhamisi Kuu akaniomba nimsuke. Nikamsuka, ingawa nywele zimebaki chache. Ijumaa akakaa mlangoni. Jumamosi akakaa mlangoni. Jumapili nilimwambia mama twende kanisani, akasema, "Na akija akute mlango umefungwa?" Mimi na Nkwabi tukaenda peke yetu. Jumatatu hakutaka kula.

Nina hasira na Yeremia, na mwambie hivyo hivyo. Si barua, si salamu kwa mtu anayepita. Zamani hata barua yako wewe alikuwa lazima aichafue chini kwa penseli yake. Mmegombana? Kama mmegombana, gombaneni, lakini mama msimweke katikati.

Naomba jibu.
Adoyo


Nairobi
14 Mei 1995

Dada Adoyo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilihama kazi, nikahama na chumba, barua zako nimezikuta zote tatu kwa mama mwenye nyumba wa zamani. Mimi ni mzima. Mvua ni nyingi.

Kaka Yeremia alikwenda Mombasa mwezi wa tatu kutafuta kazi bandarini. Aliondoka ghafla, ndiyo maana Pasaka haikuwezekana. Huko mambo si rahisi, nadhani hajapata anwani ya kudumu. Akinipa nitakutumia. Mwambie mama asiwe na wasiwasi.

Natuma kanda ya nane, ya tisa na ya kumi. Sasa niko kwa tajiri mwingine, mlango wake hauna kufuli. Madaftari yamo ndani.

Mdogo wako,
Jairo


Kirumba, Mwanza
2 Julai 1995

Jairo,

Hatujambo, isipokuwa mama. Sasa anakula uji tu, na miguu imevimba hata kandambili hazimwingii. Mgao wa umeme umerudi, tunaonyesha siku tatu kwa wiki. Hizo ndizo habari. Nije kwenye aibu uliyonitia.

Jumapili iliyopita tulionyesha kanda ya kumi. Nimesimama na daftari lako, banda limejaa. Mgodi unaporomoka, wanamtoa Genta, uso umefunikwa na kitambaa. Daftari linasema, "Genta amezimia, daktari amempeleka hospitali ya mbali, atapona." Sawa, nikasoma. Mara Sachi anarudi nyumbani, na kwenye kijimeza ipo picha ya Genta, mbele yake moshi wa ubani na bakuli la wali lenye vijiti viwili vimesimamishwa katikati. Sachi anapiga magoti. Daftari linasema, "Sachi anamkumbuka kaka yake na kumwandalia chakula akirudi." Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Video, mbona wali hauliwi?" Watu wakacheka. Yule mwanamke wa dagaa hakucheka. Alisimama akasema, "Huyo kijana amekufa, mama. Huo ni msiba. Kwa nini unatudanganya?" Akatoka, na wengine wakamfuata.

Yaani mimi nisimame mbele ya watu wazima niwaambie maiti kalala? Mimi sijui Kiingereza, Jairo. Naweka macho yangu kwenye macho yako. Ukiandika ndiyo, nasema ndiyo. Kama mtu amekufa andika amekufa, tulie tumalize. Watu wa hapa msiba wanaujua. Mwaka jana tu tulikaa miezi hatuli samaki kwa sababu ya maiti waliokuwa wanaletwa na maji kutoka kule Rwanda. Nani utamficha kifo hapa?

Nataka pia anwani ya Yeremia. Mombasa si mwezini. Mama anasema labda ana mwanamke huko na mwanamke hataki mkwe mgonjwa. Namwambia Yeremia hayuko hivyo, ananiangalia tu.

Adoyo


Nairobi
6 Agosti 1995

Dada Adoyo,

Shikamoo dada, na pole kwa kuuguza. Pole kwa aibu pia. Ni kweli Genta amekufa. Nilifika pale kwenye daftari nikashindwa kuandika. Niliandika nikafuta mara nne. Sina maelezo mengine, naomba unisamehe. Nimekuandikia upya daftari la kumi, lakini naona limeshachelewa.

Mzigo huu ni blanketi kutoka kwa kaka Yeremia, ametuma kwa mtu kutoka Mombasa. Ameandika na salamu, nimeibandika ndani.

Mwambie mama apone.

Jairo


Kirumba, Mwanza
27 Agosti 1995

Jairo,

Blanketi limefika. Karatasi iliyobandikwa inasema, "Mama mpendwa, ninatumaini u mzima wa afya njema kama mimi." Lo! Tangu lini Yeremia akaandika hivyo? Yeremia aliacha shule darasa la tano. Huyo ni wewe, hata hiyo herufi ya "p" yenye mkia ni yako, nimeisoma madaftari kumi. Mama nimemwambia ni Yeremia. Amejifunika blanketi na jua likiwa linawaka.

Baba mdogo Odeta amekuja kutoka Sota. Anasema mgonjwa arudishwe nyumbani sasa, akifia mjini ni gharama na ni fedheha. Amesema na jingine. Kama Yeremia kakataa kuja, ijulikane kakataa. Kama maji yamemchukua na mwili haupatikani, mila ipo: linakatwa tunda la mwegea, lile tunaloita yago, linafungwa sanda, linazikwa badala yake, na jina lake linabaki kwenye boma. Lakini hakuna anayezika yago kwa mtu aliye hai. Kwa hiyo lazima ukweli ujulikane.

Nakuuliza mara moja tu, mtoto wa mama yangu. Yeremia yu hai? Nijibu ndiyo au hapana. Sitaki salamu, sitaki kanda. Kama ni hapana, nijibu haraka, maana mama ana wiki chache, na kila asubuhi anasema huyu mtoto amenikataa. Kifo cha mtoto atakivumilia. Hili la kukataliwa linamla kuliko uvimbe.

Adoyo


Nairobi
8 Oktoba 1995

Dada,

Hapana.

Kaka Yeremia amefariki. Alifariki Jumapili ile ya tarehe kumi na mbili Februari, alasiri, siku niliyokuandikia barua ndefu nikiwa ofisi ya basi. Barua yako ya Agosti ninayo tangu mwezi wa tisa. Nimeibeba mfukoni wiki nne.

Niliondoka nikamfungia ndani kama ilivyo amri. Basi likachelewa. Ningeweza kukabidhi mzigo nikarudi, ni mwendo wa nusu saa, lakini nilitaka nione basi limeondoka, maana ulisema acha uzito. Nikanywa chai. Nikaandika. Barua ilipokwisha basi lilikuwa linaunguruma tu halijaondoka, nikanywa chai ya pili.

Nilipofika mtaani kwetu moshi ulikuwa unatoka dirisha la ghorofa ya tatu. Dirisha lina nondo. Zile deki zilikuwa zinapata moto kila siku, tulikuwa tunazipepea kwa makaratasi ya boksi. Nilipanda ngazi. Juu kulikuwa na watu wanapiga mlango kwa kipande cha chuma, na mmoja anapiga kelele, "Ufunguo uko kwa nani?" Ndani nilikuwa sisikii kitu. Dada, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Sikusema. Nilidhani nikisema mimi ndiye mwenye ufunguo watanichoma moto pale pale. Nilisimama nyuma yao, hatua sita hivi. Mlango wakauvunja wao. Sijui kama kwa ufunguo angetoka. Kila siku najiuliza na kila siku sijui.

Walimtoa wamemfunika. Miguu ilikuwa nje, nikaijua.

Tajiri alitoroka siku hiyo hiyo. Polisi walikuwa wanamtafuta aliyefunga mlango, na mimi hapa sina kibali wala karatasi yoyote. Nilikwenda chumba cha maiti mara tatu nikaishia getini. Mara ya nne ilikuwa Aprili, wiki ya Pasaka, nikajikaza nikaingia. Karani akafungua kitabu, akasema wasio na wenyewe walishazikwa na manispaa. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema jirani.

Hayo ndiyo niliyoyaficha. Mombasa ni uongo. Blanketi ni langu. Siwezi kuja, dada, sina uso wa kuja nao. Mwambie mama unavyoona wewe inafaa. Wewe ndiye unayejua kusoma kwa watu.

Jairo


Sota
5 Novemba 1995

Jairo,

Mama amekufa tarehe kumi na nne Oktoba. Barua yako imefika Kirumba tarehe thelathini. Nkwabi ndiye aliyeipokea, akanifuata nayo huku.

Nitakueleza kwa mpangilio, na wewe usome yote, usiruke.

Tulimleta nyumbani Septemba kwa gari la mizigo, amelazwa juu ya magunia. Siku za mwisho alikuwa haongei sana. Siku moja kabla alinishika hapa mkononi akasema, "Yeremia amenikataa. Nilimkosea nini?" Nikamwambia mama usiseme hivyo. Akasema, "Mwacheni. Msimlazimishe." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ninayoyajua. Kesho yake asubuhi alikuwa amekwisha. Hakujua kwamba mtoto wake ana miezi minane udongoni. Alikufa akidhani mwanawe anamkimbia.

Siku ya kuzika, baba mdogo Odeta alisimama mbele ya watu wote, mbele ya kaburi wazi. Aliita jina la Yeremia mara tatu. Alisubiri kila mara. Hakuna aliyeitika. Basi akasema, mtoto wa kwanza asiyekuja kumzika mama yake hana kiwanja kwenye boma hili, na watoto wetu wasiitwe kwa jina lake. Watu wakaguna kukubali. Wengine walitema mate. Na mimi, Jairo, mimi nilikubali. Nilikuwa na hasira naye, nikasema moyoni anastahili.

Wiki mbili baadaye ndipo nikasoma "hapana" yako.

Nilikaa na hiyo barua usiku na mchana mzima. Kwanza nilijitazama mimi. Ni mimi niliyekuandikia usingoje, itie kwenye basi siku hiyo hiyo, acha uzito. Nilitaka kumshinda Malimi wa Mabatini. Hilo sitakutwika wewe, nalibeba mwenyewe, na linanilemea sana. Chai mbili ni zako. Ufunguo ni wako. Ila ukimya wa miezi minane, nakwambia kweli, huo ndio sikuweza kuumeza. Ungeandika Februari, mama angelia, angelala chini, angeinuka akamzika mwanawe kwa yago, na angekufa akiwa mama aliyefiwa. Umemuua akiwa mama aliyekataliwa.

Umesema nimwambie mama ninavyoona inafaa. Mama hayupo. Kwa hiyo juzi Ijumaa nimewaomba wazee wakae, nikawasomea wao. Nimesoma barua yako yote, kwa Kijaluo, neno kwa neno. Nilipofika kwenye ngazi, pale mtu anapouliza ufunguo uko kwa nani, nilikunywa maji, nikaendelea. Nimewasomea na yangu ya Januari pia. Nilikuwa nayo kwa sababu huwa naandika mara mbili, moja ya kupeleka, moja ya kubaki nayo.

Baba mdogo akasema, "Tumemtukana maiti." Akavua kofia. Sijawahi kumwona mzee yule akilia, na ameshazika watoto wake watano.

Wakajadili yago. Mimi nilitegemea watasema tukate tunda kesho tumalize. Wamekataa. Wamesema yago ni ya mtu ambaye ndugu zake wamemtafuta wakamkosa. Yeremia hajatafutwa. Yupo mahali, chini ya ardhi ya watu, kwenye kitabu cha karani, na ndugu yake alipoulizwa alisema jirani. Kwa hiyo mpaka sasa kaka hana kaburi, hana kiwanja, hana jina. Watoto bado wamekatazwa kuitwa kwa jina lake, kwa sababu neno lililosemwa mbele ya kaburi halifutwi kwa barua.

Uamuzi wao ni huu. Urudi kwa yule karani. Useme jina lako, useme, "Mimi ni ndugu yake, mama mmoja baba mmoja." Kama watakufunga kwa ajili ya ule mlango, ufungwe, na utuandikie ukiwa ndani. Kama watakuonyesha mahali, tutakuja kumchukua, hata ikichukua miaka mitatu kuchanga. Kama watasema haonekani tena, wamewazika wengi pamoja, basi uje utamke hayo hapa kwa mdomo wako, na ndipo litakatwa tunda, na shimo utalichimba wewe, peke yako, hakuna atakayekushikia jembe.

Usinitumie kanda tena. Deki nimewauzia watu wa Igoma.

Sikukuandikia salamu mwanzoni na sikusahau. Ukifika Sota, mama yuko upande wa kulia wa nyumba, udongo bado mbichi. Usipite kwangu, usipite kwa baba mdogo. Nenda pale kwanza umwambie kwamba Yeremia hakumkataa. Umwambie kwa sauti, kabla hujasalimia mtu yeyote.

Adoyo